Nani Aliyenichagulia Biskuti?

Nilikuwa kituo cha basi, mji wa Reading, Uingereza, mfuko wa vitu uko miguuni, nasoma risiti. Si kawaida yangu kusoma risiti. Ila basi lilichelewa, simu imezima, na mtu akikosa cha kusoma atasoma hata maandishi ya kwenye kiberiti.

Digestive, zile biskuti za ngano za Waingereza, za kawaida: herufi A.

Digestive za chokoleti: herufi B.

Kampuni ni moja, unga ni mmoja, na dukani zilikuwa zimepangwa zikigusana. Nikashuka na risiti mpaka chini, kwenye yale maandishi madogo, nikakuta ufafanuzi. A ni kodi ya asilimia 0. B ni kodi ya asilimia 20.

Basi lilipofika nilipanda nikiwa bado nimeishika. Jambo hilo likanikalia kichwani kwa wiki kadhaa, kazini na nyumbani, mpaka wenzangu wakaanza kubadilisha mada wakiniona nakuja.

## Mkebe

Aliyewahi kufanya kazi wodini Uingereza hahitaji kuelezwa habari za mkebe wa biskuti. Upo kwenye kila chumba cha mapumziko, kando ya birika la umeme, na una utaratibu wake usioandikwa wa nani aujaze lini. Zamu yangu ilikuwa imefika. Nilinunua za aina zote mbili kwa sababu wodi yetu ina makundi mawili, na mimi ni mgeni wa nchi, sitaki kesi.

Kundi la kwanza linaongozwa na msimamizi wetu, mama wa Yorkshire anayekunywa chai nzito yenye tone moja tu la maziwa. Kwake biskuti ya chokoleti ni peremende iliyojificha. Biskuti, anasema, ipo kwa ajili ya chai. Ikishaanza kutaka kusifiwa yenyewe, imeharibika.

Kundi la pili ni la mhudumu mmoja wa Glasgow, ambaye anaamini digestive isiyo na chokoleti ni kazi iliyoachwa njiani. Mtu kafika kiwandani asubuhi, kakanda unga, kaoka, halafu kavaa koti kaenda zake kabla hajamaliza. Huwa analisema hili kwa uchungu wa kweli.

Katikati yupo dada mmoja wa Kericho, ambaye siku moja alichoka.

"Mnagombania biskuti," aliwaambia, "na chai yenyewe imetoka kwetu."

Kweli tupu. Kenya ni miongoni mwa nchi zinazoiuzia Uingereza chai nyingi zaidi, na vifuko vingi kwenye vikombe vya hapa vina majani ya milima yao. Wakacheka wote, wakasema ahsante, wakaendelea kugombana.

Mimi tangu nifike nilikuwa upande wa msimamizi. Bila chokoleti, tena kwa kiburi. Nimekulia Tanga, kwenye nyumba ambayo chai haiji peke yake: kuna mahamri, kuna vitumbua, kukikosekana vyote kuna chapati ya jana imepashwa moto. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoshindana na chai. Kitafunwa kizuri kinajua nafasi yake. Nilikuwa nimeshawaeleza haya wenzangu mara nyingi, na nilikuwa nimeanza kujiona mtaalamu.

Halafu nikasoma risiti.

## Serikali ina maoni

Uingereza haitozi VAT kwenye vyakula vingi. Unga, mkate, maziwa, mboga, vyote ni asilimia 0. Biskuti nazo zimo humo, zinahesabiwa kuwa chakula. Lakini biskuti ikifunikwa chokoleti, yote au sehemu yake, inatolewa kwenye chakula na kuhamishiwa kundi la peremende, na peremende hulipa asilimia 20. Tofauti hiyo ilikuwapo tangu enzi ya kodi ya zamani ya manunuzi, na VAT ilipoanza mwaka 1973 ikairithi.

Kwa hiyo yule mama wa Yorkshire alikuwa anasoma sheria bila kuiona.

Nikaingia kwenye mwongozo wa mamlaka ya kodi, na hapo ndipo nilipopotelea usiku mzima. Ile biskuti ya tangawizi yenye umbo la mtu, kwa mfano: akiwekewa nukta mbili za chokoleti kuwa macho, hakuna kodi. Akiongezewa pambo jingine la chokoleti, tuseme suruali au mkanda, kodi ipo. Kuna mtu aliyelipwa mshahara kukaa na kuamua kwamba macho ni ya lazima lakini nguo ni anasa.

Vipande vya chokoleti vikichanganywa kwenye unga kabla ya kuoka, hakuna kodi. Chokoleti ikiwa katikati ya biskuti mbili, hakuna kodi. Ikipanda juu ikaonekana, kodi. Na kile kitafunwa wanachokiita shortcake ya milionea, chenye tabaka la karameli na chokoleti juu yake, kinahesabiwa kuwa keki, kwa hiyo milionea halipi chochote. Nilicheka peke yangu saa sita usiku.

Niliwasomea wenzangu haya wakati wa mapumziko. Msimamizi alitabasamu kwa namna ya mtu aliyeshinda kesi bila kuajiri wakili. Yule wa Glasgow alikuwa anatafuna.

"Kwa hiyo serikali inakubali ni anasa?"

"Inakubali."

"Basi mimi ndiye niliyeshinda. Nani anataka kisicho anasa?"

Sikuwa na jibu, na sina uhakika kama lipo.

## Keki iliyovaa kibiskuti

Wengi mmeshasikia kesi ya Jaffa Cakes, nitaipitia haraka. Kampuni ya McVitie's inazitengeneza tangu 1927: kitako laini, jeli ya chungwa, chokoleti juu. Mamlaka ya kodi ilidai ni biskuti yenye chokoleti, kwa hiyo ilipe. Mwaka 1991 baraza la kodi likakaa kuamua. Hoja ya wanasheria wa kampuni iliyobaki midomoni mwa watu ni hii: keki ikikaa sana inakauka, biskuti ikikaa sana inalainika. Jaffa Cake inakauka. Baraza likakubali kwamba ukubwa wake ni wa biskuti, pakiti yake ni ya biskuti, dukani inakaa na biskuti, na bado ni keki.

Marks & Spencer (wenye maduka) nao walipigania kitafunwa chao cha mashimelo, peremende laini kama sponji, kilichofunikwa chokoleti. Kilitozwa kodi kama biskuti tangu 1973 mpaka 1994, mamlaka ilipokiri kwamba kilikuwa keki muda wote. Kurudishiwa pesa ikawa vita nyingine, mpaka mahakama ya Ulaya na House of Lords, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, na ikaisha 2009 kwa pauni milioni 3.5.

Ninachokiona kwenye kesi hizi ni kwamba hakuna aliyewahi kuuliza ipi tamu.

## Jua

Hapo ndipo jambo lilipoanza kuniwasha vibaya. Kama sheria ndiyo inayopanga ipi ni ya kila siku na ipi ni ya starehe, basi yule mama wa Yorkshire, anayesema ladha yake ni yake, amekua kwenye nyumba ambazo bei ilikuwa imeshamchagulia. Za kawaida zikaliwa Jumatatu, za chokoleti zikangoja wageni. Miaka hamsini ya namna hiyo inatosha kabisa kumfanya mtu aamini kwamba hapendi chokoleti kwenye chai.

Nilifurahi sana kugundua hilo kuhusu yeye.

Furaha ikadumu mpaka nilipojiuliza: na mimi je, nilichagua lini?

Nimepekua kumbukumbu yangu yote ya utotoni na sioni biskuti ya chokoleti. Duka la Mangi pale kwetu lilikuwa na biskuti za glukosi, za nazi, zile zenye krimu ya rangi ya waridi. Zenye chokoleti juu hazikuwapo. Sikuwahi kuzikataa, sikuwahi kuziona. Na sababu haina siri yoyote: mafuta ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi joto 34 hivi, chini kidogo ya joto la mwili, ndiyo maana chokoleti inayeyuka vizuri mdomoni. Sasa chukua duka la bati, Februari, Tanga, saa nane mchana. Chokoleti ingeyeyuka kabla haijaona mdomo wa mtu.

Waliowahi kubeba biskuti za chokoleti kwenye begi kupeleka nyumbani wanajua. Pakiti inatoka London ikiwa na biskuti nyingi, inafika ikiwa na moja ndefu.

Kwa hiyo falsafa yangu yote ya kitafunwa kinachojua nafasi yake, niliyoitetea mbele ya watu wazima wenye vyeti, ilikuwa imetungwa na jua. Jua lilimzuia Mangi kuleta chokoleti, mimi nikakua bila chokoleti, nikafika Reading nikaiita hali hiyo msimamo.

Sikulipenda wazo hili. Nilijaribu kuliondoa.

## Bibi harusi wa Bermondsey

Biskuti ya nyumbani kwetu ilikuwa Marie. Nyembamba, ya duara, jina limechorwa katikati, na ukiichovya sekunde moja zaidi inakuaga. Nilikuwa nimeishi nikiamini ni ya kwetu. Katika kupekua kwangu nikakuta kwamba ilitoka London, kiwanda cha Peek Freans cha Bermondsey, mwaka 1874, kwa heshima ya Maria Alexandrovna, binti wa mfalme wa Urusi, aliyeolewa mwaka huo na Alfred, mtoto wa Malkia Victoria.

Kiwanda hicho kilikuwa na tabia ya kuwapa biskuti majina ya wakubwa. Mwaka 1861 kilitoa Garibaldi, yenye zabibu kavu zilizobanwa katikati, kwa jina la jenerali wa Italia. Waingereza wenyewe huitania kwamba ina nzi waliopondwa. Mwaka 1910 kikatoa Bourbon, jina la ukoo wa kifalme wa Ufaransa. Jenerali, bibi harusi na ukoo mzima, wote wanaishia kwenye chai. Kiwanda kilifungwa 1989.

Ajabu ni kwamba wodini kwetu hakuna Mwingereza hata mmoja aliyeijua Marie. Niliwaonyesha picha, wakasema ni Rich Tea, biskuti nyingine ya huku. Huku imesahaulika, na kwetu bado mtoto anatumwa dukani akaichukue. Inaokwa Hispania, India, Afrika Kusini, Afrika Mashariki, na viwanda ambavyo havina undugu wowote na Bermondsey.

Nikaanza kuona kitu. Kati ya biskuti zote za Waingereza, zilizovuka bahari zikakaa ni zile zisizoyeyuka.

## Mji ninaoishi

Na nilikuwa nimekaa juu ya ushahidi. Reading ndio ulikuwa mji wa Huntley & Palmers, duka la biskuti lililoanza 1822 na kukua mpaka likawa kiwanda kikubwa kuliko vyote vya biskuti duniani, chenye wafanyakazi zaidi ya 5,000 mwanzoni mwa karne ya 20. Timu ya mpira ya hapa zamani iliitwa ya watu wa biskuti. Uokaji wa hapa Reading ulisimama 1976. Napita kwenye eneo hilo nikienda mjini na sikuwa nimewahi kujua.

Siku yangu ya mapumziko nilikwenda makumbusho ya mji, ambako kuna chumba kizima cha mikebe yao. Mikebe ya umbo la vitabu, ya umbo la magari, ya maua. Nilitembea mle nikiwa na mzee mmoja na mjukuu wake, na mtoto alikuwa ananung'unika kwamba hakuna biskuti ndani hata ya kuonja. Nilikuwa upande wake.

Mikebe hii ilikwenda kila mahali. Kapteni Scott alikwenda nayo ncha ya kusini ya dunia. Na iliyonisimamisha ni habari ya Uganda: mwishoni mwa karne ya 19, wamisionari walichapisha Biblia ya Kiganda kwa umbo jembamba na nene ili iingie ndani ya mkebe wa Huntley & Palmers, isiliwe na mchwa wala kuloa. Biskuti zilishaliwa, mkebe ukabaki na neno la Mungu. Nimefikiria sana kuhusu fundi wa uchapaji aliyeambiwa akate karatasi kwa kipimo cha biskuti.

Biskuti za safari hizo zilikuwa kavu, ngumu, za unga na sukari. Zilipaswa kuvuka ikweta ndani ya bati. Hivyo kabla jua halijamchagulia Mangi cha kuuza, lilikuwa limeshamchagulia Mwingereza cha kupakia.

## Kuchovya

Nilimweleza yule wa Glasgow yote haya, nikitegemea atanihurumia. Akaniuliza swali moja.

"Umewahi kuchovya ya chokoleti?"

Sikuwa nimewahi. Niliona ni uchafu, chokoleti itaelea kwenye chai.

Akanionyesha. Aliilaza biskuti, chokoleti ikiwa juu, akaitelemsha kwenye chai ikiwa bapa badala ya kuisimamisha. Upande wa chini ukanywa chai, wa juu ukabaki mkavu. Akaitoa nzima. Nikarudia mimi, ikatoka nzima. Nikachukua ya kawaida, nikaichovya wima jinsi nilivyozoea, nusu yake ikabaki ndani ya kikombe.

Hili lina sayansi yake. Mwaka 1999, mwanafizikia Len Fisher wa Chuo Kikuu cha Bristol alipewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye, kwa kukokotoa namna bora ya kuchovya biskuti. Chai hupanda ndani ya matundu madogo ya biskuti, na hupungua kasi kadiri inavyokwenda mbali: kwenda mbali mara mbili kunachukua muda mara nne. Wanga wa biskuti ukilowa unalegea, na sukari inayoushikilia inayeyuka. Ukiichovya wima, chai inaingia pande zote mbili. Ukiilaza, upande wa juu unaendelea kuwa mkavu na kubeba wa chini.

Na chokoleti juu, kwa jinsi nilivyoona kwa macho yangu, inazidi kuishika.

Hapa ndipo nilipoyumba kabisa. Hoja yangu kuu ilikuwa kwamba chokoleti inashindana na chai. Kumbe inaweza kuisaidia biskuti kuvumilia chai. Ladha je? Niliionja nikiwa nimejiandaa kuichukia. Chokoleti ilikuwa imelegea kidogo, haijayeyuka, na uchungu wake ukakutana na majani ya Kericho bila ugomvi wowote. Nilikula ya pili kuhakikisha. Ya tatu haikuwa ya utafiti.

Msimamizi aliniona. Hakusema kitu. Alivuta kiti.

(Kuna mjadala mwingine hapa, nao ni wa wendawazimu: upande wa chokoleti ni juu au chini? Kiwandani biskuti hupitishwa juu ya chokoleti, ikajipaka kwa chini, na McVitie's wenyewe wamesema chokoleti iko chini. Mwaka 2025, digestive ya chokoleti ilipotimiza miaka 100, wakalirudia, na watu wazima wakaandika magazetini kwa hasira. Mimi naila chokoleti ikiwa juu. Kama aliyeitengeneza alitaka iwe chini, angetengeneza meza iliyo juu.)

## Chokoleti isiyo chokoleti

Nilidhani nimemaliza. Halafu, Oktoba 2025, Penguin na Club zikaacha kujiita biskuti za chokoleti. Zimepunguziwa kakao na kuongezewa mafuta mengine, kwa hiyo sheria ya lebo haiziruhusu tena. Sasa zinasema zina ladha ya chokoleti. Penguin imeokwa tangu 1932. Club ilikuwa na tangazo lililoimbwa na nchi nzima, likisema ukipenda chokoleti nyingi kwenye biskuti yako ujiunge nao. Tangazo limebadilishwa.

Sababu ni bei. Mavuno ya Ghana na Côte d'Ivoire yaliharibika kwa hali ya hewa na magonjwa ya miti, na mwaka 2024 tani moja ya kakao ikapita dola 10,000. Kuna wasomaji wangu wa Kyela, kunakolimwa kakao, ambao habari hiyo waliipokea kwa mkono mwingine kabisa, na sitaki kujifanya nililia nao. Kilichokuwa msiba kwa mwoka biskuti wa Uingereza kilikuwa bati jipya juu ya nyumba ya mtu Mbeya.

Lakini kilichonifurahisha kwa namna mbaya ni kodi. Sheria ya VAT haisemi chokoleti peke yake. Inasema chokoleti au kitu kinachofanana nayo kwa ladha na mwonekano. Kwa hiyo Penguin ya leo si chokoleti ya kutosha kuandikwa chokoleti, lakini ni chokoleti ya kutosha kutozwa asilimia 20.

Nilipowasomea hili wodini, hata makundi yalisahau ugomvi wao kwa dakika nzima.

## Bourbon inashinda, na siitaki

Kwa mantiki, mjadala huu una mshindi mmoja. Bourbon ina chokoleti, lakini imefungiwa katikati, kwa hiyo haina kodi. Haichafui vidole. Ina vitundu kumi vya kutolea mvuke isipasuke kwenye tanuri. Ikifungwa vizuri inafika Tanga ikiwa biskuti. Imepita mtihani wa serikali, wa jua na wa begi.

Nami siichagui kamwe. Mkebe ukifunguliwa mkono wangu unairuka. Custard cream pia inapita, pamoja na uzuri wake wote wa mapambo ya majani yaliyochongwa tangu 1908. Rich Tea ni biskuti ya mtu aliyekata tamaa. Shortbread, ile ya siagi nyingi ya Scotland, ni nzuri mno kwa kazi. Haitakiwi kuliwa umesimama. Hobnob ya oti, ambayo ilitoka 1985 na miaka miwili baadaye ikapata chokoleti, ndiyo pekee ninayokubali kwamba ya chokoleti ni bora kuliko ya kawaida, na nimeshamwambia yule wa Glasgow kwa maandishi.

Ninayoichukua ni ginger nut. Ngumu, kavu, tangawizi inapanda puani, inavumilia chai kuliko zote. Haina chokoleti.

Dada wa Kericho aliniangalia nikiitafuna akacheka. "Tangawizi," alisema. "Wewe bado uko Tanga."

Najua. Nimeshajichunguza vya kutosha, na nimegundua kwamba kujua jua ndilo lililonichagulia hakujapunguza utamu wake hata kidogo. Msimamizi naye nilimweleza nadharia yangu ya bei na miaka hamsini ya Jumatatu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema inawezekana kabisa, akachukua digestive ya kawaida.

## Shangazi

Binamu yangu alikuwa anakwenda nyumbani, nikampa mzigo wa shangazi: ginger nut, Bourbon na shortbread. Nilimwandikia shangazi maelezo marefu ya kila moja. Akanijibu kwa sauti.

"Mwanangu, zimefika, Mungu akubariki. Zile ngumu nimempa fundi anayejenga uzio, yeye ana meno. Zile za kahawia watoto wamezimaliza sijavua hata ushungi. Za siagi nimezificha, ni za wageni. Mimi na chai yangu nimemtuma mtoto dukani aniletee Marie."

Nikampigia. Nikamuuliza, shangazi, kama ningeweza kukufikishia za chokoleti bila kuyeyuka, ungezipenda?

"Nilizila Nairobi, kwenye harusi ya baba yako mdogo. Tamu kweli. Lakini zile si za chai."

"Ulizijaribu na chai?"

Kimya kidogo. "Hapana. Chai walikuwa bado hawajaleta."

Sasa natafuta mtu anayesafiri Julai, wakati kuna kibaridi kule, ambaye ana nafasi kidogo katikati ya begi, mbali na pande zake.